Milango ya Chuo kwa Mwanafunzi wa Uzamili na Uzamivu: Upi Ugongwe Lini, na Uende na Nini Mkononi

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hubebwa na ratiba. Anajua kipindi kinaanza saa ngapi, jaribio ni wiki gani, mtihani ni lini, na akizembea kuna mtu atakayeliona pengo lake. Ukiingia uzamili, na hasa uzamivu, ratiba hiyo hupukutika. Unabaki na msimamizi mmoja au wawili, mada, na tarehe ya mwisho iliyo mbali kiasi cha kutomtisha mtu. Msaada upo, tena mwingi, ila umetawanyika: kidogo kwenye kurugenzi ya shahada za juu, kidogo idarani, kidogo maktaba, kidogo kwa mshauri wa wanafunzi. Matangazo yake huja kwa barua pepe nyingi zenye vichwa vinavyofanana, na ya maana huzama pamoja na yasiyokuhusu.

Kinachowakwamisha wengi ni kwamba chuo hupanga huduma zake kwa ofisi, ilhali shida za mwanafunzi huja kwa hatua: kupata swali la utafiti, kukusanya data, kuandika, kutetea. Kila huduma ina wakati wake. Wakati huo ukipita, mlango utaukuta wazi na mhusika yupo, lakini hana tena la kukufanyia.

Anayeamua, anayesaidia, anayesikiliza

Kabla ya kwenda popote, jiulize ofisi hiyo ina mamlaka gani. Ziko ofisi zinazoamua: kurugenzi ya shahada za juu, bodi ya kitivo, kamati ya maadili ya utafiti. Hizi ndizo zinazoongeza muda, kubadili msimamizi, kukubali kuahirisha masomo. Ziko zinazosaidia kazi yenyewe: maktaba, kituo cha uandishi, dawati la ushauri wa takwimu. Na ziko zinazosikiliza: ushauri nasaha, mlezi wa wanafunzi, msuluhishi wa chuo pale alipo.

Kuzichanganya kunagharimu. Mwanafunzi aliyeugua humweleza mshauri nasaha kila kitu, akatoka akiamini kwamba chuo sasa kinajua na muda wake umesimama. Haukusimama. Mshauri anaweza kuandika barua ya kuunga mkono ombi, lakini ombi lenyewe ni lazima lijazwe, lisainiwe na msimamizi, na lifike kurugenzini kabla ya tarehe. Kadhalika msimamizi anayesema "usijali, nitakuongezea muda" anazungumza kwa nia njema juu ya jambo ambalo mara nyingi haliko mikononi mwake.

Ndiyo maana wiki ya utambulisho ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Hotuba za ukaribisho unaweza kuzikosa. Usikose kuondoka na kanuni za shahada za juu zilizoandikwa, na usome vifungu vitano siku hiyohiyo: muda wa juu kabisa wa kumaliza, utaratibu wa kuomba nyongeza, masharti ya kuahirisha, namna ya kubadili msimamizi, na mpangilio wa tasnifu. Kisha chukua tarehe ya kuwasilisha tasnifu na uhesabu kurudi nyuma. Watahini huhitaji miezi kusoma, msimamizi huhitaji wiki kwa kila sura, kibali cha maadili kina foleni yake. Ukimaliza kuhesabu utakuta ile tarehe ya mbali imesogea sana.

Maktaba, mapema kuliko unavyodhani

Vyuo vingi vina mkutubi wa fani, yaani mtu aliyepewa jukumu la kulea somo fulani, na wanaomtumia ni wachache. Omba saa moja naye ukiwa bado unatafuta swali. Nenda na sentensi moja ya unachotaka kujua, pamoja na makala tatu ambazo unaona ziko karibu na kazi yako. Kutoka kwenye makala hizo atakuonyesha maneno ambayo watafiti wa fani hiyo hutumia kweli, maana neno ulilozoea wewe mara nyingi silo lililo kwenye hifadhidata. Atakuonyesha pia jinsi ya kuyaunganisha maneno ili utafutaji usilete maelfu ya makala zisizo na maana, na jinsi ya kupata kitabu kutoka maktaba ya chuo kingine.

Ukitoka hapo, hifadhi fomula ya utafutaji neno kwa neno, jina la hifadhidata, na tarehe. Mtahini akikuuliza ulizipataje kazi ulizozisoma, hilo ndilo jibu.

Siku hiyohiyo anza kutumia programu ya marejeo. Zotero, iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, ni ya bure na inatosha kwa wengi. Anayeandika marejeo kwa mkono huona nafuu hadi sura ya nne, kisha idara inamwambia abadili mtindo wa kunukuu, na hapo mamia ya mistari inarudiwa mmoja mmoja. Ila programu nayo hunakili ilichokikuta: jina la mwandishi likigeuzwa, mwaka ukikosekana, kosa litaingia hadi kwenye tasnifu. Kagua kila rejeo siku unapoliingiza.

Dawati la takwimu: kabla ya dodoso kwenda uwanjani

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na inaumiza kwa sababu ingeweza kuzuilika kwa nusu saa. Wanafunzi wengi humwendea mtakwimu wakiwa na data tayari. Wanataka awaambie "watumie kipimo gani". Kwa wakati huo kazi yake imebaki kuwaeleza kilichoharibika.

Chukua swali dogo kabisa la dodoso, umri. Mwanafunzi anaandika visanduku: 18–25, 25–35, 35 na zaidi. Kosa la kwanza liko wazi ukilitazama: mwenye miaka 25 aweke alama wapi? La pili halionekani hadi wakati wa uchambuzi. Sasa anataka kujua wastani wa umri, au kama umri na kipato huenda pamoja, na hawezi kupata jibu la kuaminika kwa sababu hana umri wa mtu yeyote, ana visanduku tu. Angeuliza "una miaka mingapi?" na kuacha nafasi ya kuandika namba, angeweza kuunda visanduku vyovyote baadaye. Namba huweza kugeuzwa makundi. Makundi hayarudi kuwa namba.

Ukubwa wa sampuli nao una hadithi yake. Ile 384 inayoonekana katika tasnifu nyingi haikuanguka kutoka mbinguni. Ni 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa kipeo cha pili, mara 0.25 (yaani 0.5 mara 0.5, majibu yakigawanyika nusu kwa nusu), gawanya kwa 0.05 (kosa unalolikubali) kwa kipeo cha pili: inatoka 384.16, ambayo kwa kuwa mtu hagawanyiki inakuwa 385. Inakupa makadirio ya asilimia kwa uhakika wa asilimia 95, yakikosea si zaidi ya pointi 5 juu au chini, kwa sampuli nasibu sahili, yaani ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, kutoka katika kundi kubwa. Ukitaka kosa lishuke nusu, liwe pointi 2.5, sampuli haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne, ikafika 1,537. Na kama unalinganisha makundi mawili, au umechagua shule kwanza kisha wanafunzi ndani ya shule, hesabu hiyo si yako kabisa. Kunakili 384 bila kujua ilikotoka ni kujichongea swali la mtahini.

Kuna mtego mwingine mdogo. Umehitaji watu 385 na unatarajia asilimia 20 wasijibu. Wengi huongeza asilimia 20, wakapata 462. Lakini asilimia 80 ya 462 ni takriban 370, nao wamepungukiwa. Hesabu sahihi ni kugawanya: 385 kwa 0.8, unapata 482 baada ya kukamilisha juu.

Kwa hiyo nenda mapema, na beba vitu vitatu: swali lako kwa sentensi moja, rasimu ya dodoso, na majedwali matupu. Hayo matupu ndiyo ya muhimu kuliko yote. Chora jedwali kama litakavyokuwa kwenye sura ya matokeo, lenye vichwa vya safu na mistari, bila namba. Kama huwezi kulichora, bado hujajua unauliza nini, na mtakwimu hawezi kukuchagulia. Kama unaweza kulichora, atakuambia papo hapo ni swali gani la dodoso halitajaza kisanduku chochote, na ni kisanduku gani hakina swali.

Baada ya hapo ndipo kamati ya maadili. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliwekwa kwa ajili ya utafiti wa kitabibu, lakini msingi wake, kwamba mtu ashiriki kwa hiari na kwa kuelewa, leo unaongoza kamati za fani nyingi. Maombi mengi hurudishwa kwa vitu vidogo: pendekezo linasema washiriki 200, fomu ya ridhaa inasema 250, au fomu iko katika lugha ya chuo wakati mshiriki anazungumza nyingine. Linganisha nyaraka zako zote kwa wakati mmoja, namba kwa namba. Na usianze kukusanya hata dodoso moja la "majaribio" kabla ya barua ya kibali. Kamati kwa kawaida haitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na data hiyo unaweza kulazimika kuitupa.

Vikundi vya kuandika na kituo cha uandishi

Vikao vya kuandika pamoja kimya kimya, kama vile vilivyoanzia San Francisco mwaka 2007 na kusambaa vyuoni, hufanya kazi kwa sababu rahisi: umeahidi mbele ya watu. Watu huketi, kila mmoja anataja atakachoandika, saa inawekwa, dakika 25 za kuandika na 5 za kupumzika, au saa nzima kwa waliozoea. Kinachoviharibu ni malengo mapana. "Nitashughulikia sura ya pili" hakuna atakayejua kama umefanya, hata wewe mwenyewe. "Nitaandika aya mbili zinazoeleza kwa nini nimechagua mahojiano badala ya dodoso" linapimika.

Kituo cha uandishi ni kitu kingine. Hakisahihishi tahajia ya tasnifu nzima, na anayepeleka kurasa 180 siku mbili kabla ya kuwasilisha atarudi mikono mitupu. Peleka kurasa tano hadi nane, na swali mahususi: je, hoja yangu inaonekana kufikia ukurasa wa pili? Ukipeleka sehemu iliyokwama badala ya iliyokamilika, utapata faida mara mbili.

Dakika tatu, na bango

Mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu yalianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Jimbo hilo lilikuwa na ukame mkali, na watu walihimizwa kuoga haraka. Wengi walitundika bafuni kipima muda cha dakika tatu. Hapo ndipo wazo lilipotoka. Kanuni zake ni kali: slaidi moja isiyocheza, hakuna video wala sauti, hakuna kifaa cha kushika mkononi, hakuna kuimba wala kughani, na ukipita dakika tatu unaondolewa.

Hata usipotaka zawadi, ingia. Kuiandaa hotuba hiyo kunakulazimisha kusema shida ni nini, umefanya nini, na inamhusu nani, kwa lugha ambayo mtu wa fani nyingine ataielewa. Kosa la kawaida ni kutumia dakika mbili kwa usuli na kukimbia kwenye matokeo. Geuza: sekunde 30 kwa shida, dakika moja kwa ulichofanya, dakika moja kwa ulichogundua, na zinazobaki kwa maana yake. Jipime kwa saa ukisema kwa sauti, maana kusoma kimoyomoyo huwa haraka kuliko kusema.

Bango la utafiti lina mitego ya vipimo zaidi kuliko ya maneno. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Ukilichapa kwa mlalo, upande mrefu ukiwa chini, na ubao wa ukumbi una upana wa mita moja, karibu sentimita 19 zitaning'inia pembeni, juu ya bango la jirani yako. Uliza vipimo vya ubao na mwelekeo kabla ya kuanza kupanga. Herufi za maelezo zisipungue pointi 24, kwa sababu msomaji anasimama mita moja au moja na nusu kutoka bangoni. Peleka faili la PDF kwa mchapaji, kwani lile la kuhaririwa likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, mistari itaruka.

Ukitaka kupeleka bango hilo kwenye kongamano la nje, mifuko mingi ya safari ya vyuo hurudisha fedha ulizokwisha kutumia, nayo hutaka ombi liidhinishwe kabla hujasafiri. Tunza risiti zenye jina lako na pasi ya kupandia ndege. Na jihadhari na kongamano linalokubali muhtasari wako ndani ya siku mbili, linapokea fani zote chini ya jua, na linakuharakisha kulipa.

Msimamizi akinyamaza

Hili ndilo watu huogopa kuliuliza, na ukimya huo huwagharimu mwaka mzima. Msimamizi hajibu, au anabadili maelekezo kila kikao, au wasimamizi wawili wanavutana na wewe uko katikati. Hatua ya kwanza haina uadui wowote. Baada ya kila kikao, jioni hiyohiyo, tuma ujumbe mfupi:

"Profesa, nashukuru kwa muda wako wa leo. Nilivyoelewa, nipunguze usuli wa sura ya pili hadi kurasa tano, maswali ya 11 hadi 14 yabaki yalivyo, nami nikuletee rasimu tarehe 18 ili nipate maoni yako ndani ya wiki mbili. Kama kuna nilipokosea kuelewa, naomba unisahihishe."

Mistari hii inasaidia hata pale ambapo hakuna mgogoro. Maelekezo yakibadilika, kuna pa kurejea kwa upole. Na ikibidi kwenda mbele, unakwenda na tarehe, si na manung'uniko.

Mbele ni kwa mratibu wa shahada za juu wa idara, kisha mkuu wa idara, kisha kurugenzi. Vyuo vingine vina msuluhishi huru (kwa Kiingereza, ombudsman), cheo kilichokopa jina na sura kutoka kwa ofisi ya bunge la Uswidi iliyoundwa mwaka 1809. Huyu hachukui upande, anatunza siri, hana faili la nidhamu, na haamui. Ukimweleza, atakusaidia kuona njia ulizonazo, au kuwakalisha pamoja mkiridhia. Jambo moja ulishike sana: kuzungumza naye kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa umewasilisha malalamiko rasmi. Kama kanuni zinatoa siku kadhaa za kulalamika, siku hizo zinaendelea kuhesabika wakati mnazungumza.

Kabla ya kuomba kubadili msimamizi, uliza data ni ya nani, fedha za utafiti zimefungwa kwenye mradi wa nani, na majina yatakaaje kwenye makala iliyokwisha kuandikwa nusu. Haya yakiachwa hadi baada ya kuachana, huwa machungu.

Moyo ukichoka

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha uchunguzi wa wanafunzi 2,279 wa shahada za juu katika nchi 26, wengi wao wa uzamivu. Asilimia 41 walikuwa na alama za wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikubwa, na asilimia 39 za sonona ya kiwango hichohicho. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo huenda wenye shida walijibu zaidi. Usizichukulie namba hizo kuwa kipimo cha kila chuo. Lakini zinatosha kukuambia kwamba anayelia chooni baada ya kikao si dhaifu kuliko wenzake.

Ukienda ushauri nasaha, uliza mambo mawili mwanzoni: vikao ni vingapi, na siri ina mipaka gani. Vituo vingi hutoa vikao vichache kisha hukuelekeza kwingine. Unachosema hakifiki kwa msimamizi wako, isipokuwa pale ambapo kuna hatari ya maisha, yako au ya mwingine, au sheria ikilazimisha. Na kama hatari hiyo ipo leo, usisubiri miadi. Nenda hospitali au piga namba ya dharura, na umwite mtu akae nawe.

Kuahirisha masomo ni dawa halali, lakini ina madhara yasiyoandikwa kwenye fomu. Ufadhili unaweza kusimama, chumba cha chuo kikadaiwa, na kwa mwanafunzi wa kigeni kibali cha ukaazi kikaguswa. Pita ofisi ya ufadhili na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini, na uombe majibu kwa maandishi.

Kuelekea utetezi

Ripoti ya ufanano wa maandishi huwatia hofu wengi. Asilimia yenyewe si hukumu: asilimia 20 inayotokana na marejeo na majina ya sheria haina neno, ilhali asilimia 4 iliyo aya nzima za mtu mwingine zilizonakiliwa bila kumtaja ni wizi. Soma ripoti mstari kwa mstari.

Utetezi wa mazoezi uombe wiki tatu kabla, ili kubaki na muda wa kurekebisha. Alika mtu mmoja wa fani yako na mmoja wa nje. Wa fani atakubana kwenye mbinu, wa nje atauliza "kwa nini hili ni muhimu?", na swali hilo ndilo huwaangusha watu waliojiandaa kwa kila jingine. Mwekeni mtu wa kuandika maswali yote, maana ukiwa mbele hutayakumbuka. Nenda na tasnifu iliyochapwa, yenye vibandiko kwenye majedwali makuu, ili ukitajiwa ukurasa usihangaike kupekua.

Ukifaulu, bado kuna marekebisho, na bado kuna mlango mmoja unaofungwa bila kishindo: barua pepe ya chuo na haki ya kuingia maktaba. Uliza tarehe vinapokatwa. Kabla ya siku hiyo hamisha mafaili, pakua makala ulizohifadhi, toa nakala ya maktaba yako ya marejeo kutoka kwenye programu, na kwenye ORCID, ile namba ya mtafiti yenye tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ongeza barua pepe yako binafsi. Anayeisahau hatua hii hujikuta haoni majibu ya jarida alilotuma sura yake ya tatu, kwa sababu yametumwa kwenye anwani iliyokwisha kufungwa.